Kwa nini kurudi huonekana kufupi kuliko kwenda? (Kwa wanaosafiri mbali kibiashara)

#1 Mtepe wa Langoni (mleta mada)

Assalamu alaikum, wanajukwaa.

Mimi ninauza vyombo vya nyumbani na vifaa vya umeme hapa Lamu, na mtaji unaporuhusu huenda Guangzhou, China, kuagiza mzigo. Nina swali ambalo nimewauliza wasafiri wenzangu, na kila mmoja amenijibu kwa namna yake. Kwenda hunichosha kabla hata sijaiona ndege. Kuna boti hadi Mokowe, kisha basi linalopita Hindi, Witu na Garsen mpaka Mombasa, pamoja na vizuizi ambapo abiria huteremka na kupanga foleni vitambulisho vikiwa mkononi. Kuna treni ya kutoka Miritini hadi Nairobi, kuna kulala kwa jamaa, na ndipo ndege ianze kuzimeza zile kilomita 8,700 au karibu na hapo. Kurudi ni njia hiyo hiyo ikigeuzwa. Mabegi yamekuwa mazito, miguu imevimba kwa kuzunguka masokoni, na mara nyingi ndege ya kurudi hukaa angani zaidi kuliko ile ya kwenda. Hata hivyo, nikiketi barazani jioni ile ya kufika, huona kana kwamba kurudi kulikuwa nusu ya kwenda.

Sizungumzii furaha ya kuwaona watoto, kwa sababu furaha hiyo naijua. Nazungumzia muda wenyewe jinsi unavyohisika. Dai langu ni kwamba anayekwenda amebeba dola na hofu, naye anayerudi ameviacha vyote viwili sokoni. Mwenye maelezo bora ayalete.

#2 Bint Mkomani

Wa alaikumu salaam, kaka. Jambo hili si gumu kama unavyolifanya. Unaporudi, njia unaijua, na kijulikanacho hupita upesi. Mtu anayekwenda Foshan kwa mara ya kwanza kutazama vigae hulazimika kukikodolea macho kila kituo, kila kibao na kila mlango wa kutokea, akiogopa asipitilize. Anaporudi huweza hata kusinzia. Hiyo ndiyo tofauti, wala sioni nyingine.

#3 Kijana wa Shella

Dada Bint Mkomani, maelezo yako yangesimama kama mleta mada angekuwa mgeni. Mtu aliyezaliwa Langoni anaijua barabara ya Witu kwenda na kurudi, na bado analalamika kwamba kwenda ndiko kurefu. Ujuzi wa njia hauwezi kuwa wa upande mmoja.

#4 Mwalimu wa Malindi

Naomba niingie taratibu, kwa kuwa swali hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2011 Niels van de Ven wa Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili hili. Waliwauliza abiria waliosafiri kwa mabasi, wakawafuatilia wanafunzi waliosafiri kwa baiskeli, na wakawaonyesha wengine filamu ya mtu akiendesha baiskeli kwenda na kurudi. Kwa wastani, walioulizwa waliiona safari ya kurudi kuwa fupi kwa karibu asilimia 22, ingawa kwa saa ya ukutani muda ulikuwa sawa.

Jambo litakalomgusa Bint Mkomani ni hili: baadhi ya waendesha baiskeli walirudi kwa njia nyingine yenye urefu ule ule, njia ambayo hawakuwa wameipita wakati wa kwenda, na hata hao waliona kurudi ni kufupi. Kwa hiyo ujuzi wa njia peke yake hautoshi kuwa jibu. Maelezo ya watafiti hao ni matarajio. Mtu anapokwenda hujidanganya kwamba safari itakuwa nyepesi, na inapomwelemea huiona ndefu kupita kiasi. Anaporudi huwa amejiandaa kwa mateso yale yale, akikaza moyo, na mateso yanapokuja kwa kiasi cha kawaida huyaona madogo.

Tukirudi kwa mleta mada, nadhani kila anapofunga begi lake Langoni hujiambia kwamba safari hii basi halitachelewa, na kila mara basi humkumbusha.

#5 Kijana wa Shella

Mwalimu, shukrani. Hata hivyo, mtu ambaye ameisafiri njia hiyo mara nyingi angekuwa amekwisha kujifunza asitarajie wepesi. Basi la Mombasa halimshtui tena mtu yeyote wa Lamu.

#6 Mwalimu wa Malindi

Hapo umenibana, na watafiti wenyewe walikubali kwamba wanaoizoea njia huipata hali hii kwa uchache zaidi. Sasa mleta mada atueleze kwa nini yeye, pamoja na uzoefu wake wote, bado anaipata.

#7 Dereva Mstaafu

Nimeendesha mabasi kati ya Mombasa na Lamu kwa miaka mingi, nami sikuwahi kuona kurudi kukiwa kufupi. Kwa dereva hakuna kwenda wala kurudi, kuna zamu tu. Naweza kuongeza ushahidi mmoja kutoka nyuma ya usukani. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi yalikuwa yakikusanyika na kusindikizwa na askari, nasi tulikuwa tukingoja mpaka msafara ukamilike. Abiria waliokuwa wakitoka Lamu kwenda kuwahi ndege au treni walikuwa wakinijia kila dakika kuuliza tunaondoka lini. Abiria waliokuwa wakirudi Lamu walinunua maembe, wakatafuta kivuli na kulala. Kungoja kulikuwa kule kule. Mwenye miadi mbele yake ndiye anayeziona dakika, na asiye na miadi humpita bila kumwamsha.

Kwa hiyo sikubaliani na matarajio wala na kuijua njia. Mimi nasema ni miadi. Anayekwenda amefungwa na saa ya treni, saa ya ndege na saa ya mwenye kiwanda anayemngoja. Anayerudi akikosa boti ya mwisho hapo Mokowe atalala kwa rafiki na kufika kesho yake.

#8 Mama Mabuibui

Mnazungumza kama kwamba kila msafiri ni mwanamume anayerudi kuketi barazani akaletewa kahawa. Mimi huenda Dubai kununua mabuibui, shela na manukato, na kwangu kurudi ndiko kurefu. Wakati wa kwenda nimeacha chakula cha watoto kwa mama yangu, simu ya shule haiwezi kunifikia, nami ninaketi kwenye kiti ambacho hakuna mtu anayenitaka niinuke. Naletewa chakula ambacho sikukipika. Hata kikiwa hakina chumvi nakila kwa furaha. Deira nashukia karibu na Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji, navuka kwa abra, mashua ya abiria, kwa dirhamu moja huku nikitazama majahazi yanavyopakiwa majokofu na magurudumu kando ya gati, na moyo hutulia, kwa sababu ni kama kuitazama Lamu iliyotajirika.

Shida huanza wakati wa kurudi. Napima mabegi kwenye mizani ya hoteli usiku, naondoa jozi moja ya viatu, narudisha, naondoa chupa ya udi, nafikiri ushuru wa forodha, nafikiri nani atakopa na nani hatalipa. Miadi anayoizungumzia Dereva Mstaafu kwangu iko Lamu: mke wa fulani anangoja buibui la harusi. Kwa hiyo huenda mzee dereva amesema kweli, ila upande wake kwangu umegeuka.

#9 Dereva Mstaafu

Mama, umeniunga mkono kwa njia ya kunipinga. Nashukuru.

#10 Nesi wa Zamu

Wachangiaji wamelisahau jambo la mwili. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Ndani ya kila mmoja wetu mna saa inayoongoza usingizi, njaa na joto la mwili, na kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo. Kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kwa mwili kuchelewa kulala kuliko kulala mapema. Ukienda mashariki unaulazimisha mwili ulale wakati kwake bado ni mapema. Saa nne za usiku kule, mwili wa mtu wa Lamu unahesabu saa kumi na moja za jioni na unataka chai. Ukirudi magharibi unauomba tu uvumilie saa chache zaidi, nao unakubali. Kwa kawaida mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti, na kuelekea mashariki huweza kuchukua muda zaidi.

Ndiyo maana mleta mada anazunguka masoko ya kule akiwa na usingizi mchana na macho makavu usiku, na anapofika kwake baada ya usiku mmoja au miwili yuko sawa. Baadaye kumbukumbu yake inauchanganya uchovu wa kule na urefu wa njia, inaiandikia safari ya kwenda deni ambalo si lake. Ukitaka kupunguza adha hiyo, toka nje upate mwanga wa jua wakati wa mchana wa kule hata kama unatamani kitanda, na siku mbili au tatu kabla ya safari anza kulala mapema kidogo kila usiku.

#11 Hesabu Tupu

Nesi amekaribia, lakini sababu ni rahisi kuliko saa ya mwili, nayo ni saa ya mkononi. Chukueni mfano. Ndege inaondoka Nairobi saa saba mchana, inaruka kwa saa kumi na moja, inatua saa kumi na moja alfajiri ya kule. Msafiri anaangalia saa za ukutani anaona zimepita saa kumi na sita. Wakati wa kurudi anaondoka Guangzhou saa saba usiku, anaruka kwa saa kumi na moja na nusu, anatua Nairobi saa moja na nusu asubuhi, na saa za ukutani zinamwonyesha saa sita na nusu tu. Kwenda amepoteza usiku mzima, kurudi amelipwa asubuhi. Hakuna haja ya Uholanzi wala ya moyo.

Nimeweka nusu saa zaidi kwenye kurudi kwa makusudi, maana katika latitudo za kati pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo sababu ndege ya kutoka London kwenda New York huchukua muda mrefu kuliko ile ya kurudi London.

#12 Kijana wa Shella

Hesabu ni safi, na ingetosha kama dunia nzima ingekuwa Guangzhou. Dubai imetuzidi kwa saa moja tu, na Istanbul haitofautiani na Nairobi hata kwa dakika. Mjomba wangu hununua mashati Laleli na hulalamika vile vile kama mleta mada. Tena hakuna saa inayobadilika kati ya Mokowe na Mombasa, isipokuwa ile ya basi.

#13 Nahodha wa Zamani

Wanangu, nimewasoma wote nikacheka. Mnauliza kwa nini kurudi ni kufupi, nami nilikulia katika nyumba ambayo swali hilo lisingeulizwa, kwa kuwa jibu lilikuwa la pepo. Jahazi liendalo Arabuni na boriti za mikoko lilitweka kusi inapoanza au inapolegea, maana katikati yake bahari huwa kali mno, na lilirudi na kaskazi, likiwa na tende, chumvi na mazulia. Aliyeuchunga msimu alikwenda upesi na kurudi upesi. Aliyeupuuza alikaa. Biashara hiyo ya boriti ilififia serikali ilipopiga marufuku kuzipeleka nje ya nchi mwaka 1982, lakini wazee waliokwenda wangali wanazihesabu safari zao kwa pepo.

Mkitaka mfano ulioandikwa, uko hapo Malindi penye mnara wa Vasco da Gama. Aprili 1498 alipewa rubani na mfalme wa Malindi, naye huyo rubani, Ahmad ibn Majid, akamvusha hadi pwani ya Kalikuti kabla mwezi wa Mei haujaisha, kwa kuwa kusi ilikuwa mgongoni. Wakati wa kurudi Mreno hakutaka kungoja. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba kaskazi ikiwa haijakomaa, akasota baharini takriban miezi mitatu, watu wake wakifa kwa kiseyeye, mpaka akaiona Malindi tena Januari 1499. Walipungua hata wakalazimika kuichoma merikebu moja kwa kukosa wanamaji wa kuiendesha. Mwulizeni huyo kama kurudi ni kufupi.

#14 Bint Mkomani

Ami Nahodha, simulizi ni tamu, na tarehe zako naziafiki, ila jina la rubani lina walakini. Habari ya kwamba alikuwa Ibn Majid imeenea sana, lakini wanahistoria wengi wa sasa hawaikubali, kwa sababu wakati huo Ibn Majid alikuwa mzee sana na maandishi ya Wareno wenyewe hayamtaji. Wengi huona kwamba rubani yule alikuwa mtu wa Gujarati.

#15 Nahodha wa Zamani

Awe Mgujarati, mwanangu. Upepo ulikuwa ule ule.

#16 Kijana wa Shella

Maadamu tumefika Malindi, msimsahau twiga aliyepelekwa China na kufikishwa mbele ya mfalme Yongle mwaka 1415. Yule alisafiri mbali kibiashara kuliko sisi sote na safari ya kurudi hakuiona. Ushahidi wake ungetusaidia.

#17 Msimamizi

Tafadhali turudi kwenye mada. Twiga hahusiki.

#18 Mtepe wa Langoni

Ahsanteni nyote, sikutarajia michango mingi namna hii. Mwalimu aliniuliza kwa nini uzoefu haujaniponya, nami nimelifikiri hilo. Nadhani watu hatuhesabu kufika kwa kipimo kimoja. Ninapokwenda, sihesabu kwamba nimefika nilipotua, wala nilipogongewa muhuri, wala nilipoingia hotelini. Nahesabu nimefika siku ile ninapomkabidhi mwenye kiwanda malipo ya kwanza na kupata risiti yenye muhuri mwekundu. Mpaka hapo, hata nikiwa nimelala kitandani, bado niko njiani.

Ninaporudi, mambo hugeuka. Kufika huanza kwenye uwanja wa ndege wa kuunganishia safari, penye mlango wa ndege ya Nairobi, ninaposikia mtu nyuma yangu akimgombeza mwenzake kwa Kiswahili kuhusu begi. Hapo tayari nimo nyumbani, na kilichobaki hakiitwi safari tena, ingawa kwa ramani bado ni nusu ya dunia. Kwa hiyo labda kurudi hakuonekani kufupi. Labda kunakatwa mapema.

Nanyi msidhani kwamba kwenda ni adha tupu. Karibu na eneo la Xiaobei kuna mikahawa ya Waislamu wa Kichina ambao huzivuta tambi kwa mikono mbele ya mteja, wakiupiga unga juu ya meza mpaka unakuwa nyuzi, na bakuli lake la supu ya ng'ombe humrudishia mtu roho baada ya kutwa nzima ya kubishana bei kwa kikokotozi. Ijumaa huenda kuswali Msikiti wa Huaisheng, ambao ni miongoni mwa ile ya kale kabisa nchini China, penye mnara mweupe wa mviringo ambao mtu wa Lamu akiuona atafikiri umechorwa na mtu aliyewahi kuuona mnara wa Shela. Siku hiyo huwa fupi kuliko zote.

#19 Mwalimu wa Malindi

Hoja yako ya kukata mapema inanivutia kuliko ile niliyoileta mwenyewe. Lakini nikumbushe utafiti mwingine, wa Wajapani, uliochapishwa mwaka 2015 na Ryosuke Ozawa na wenzake. Waliwaonyesha watu filamu za matembezi ya kwenda na kurudi. Walipowataka waeleze muda ulivyopita wakati wenyewe filamu ikiendelea, tofauti haikujitokeza. Walipowauliza baada ya kumaliza, ndipo wakasema kurudi kulikuwa kufupi. Maana yake ni kwamba jambo hili huenda halitokei njiani kabisa, bali hutokea barazani, wakati wa kusimulia. Na sisi watu wa pwani tunasimulia sana.

#20 Dereva Mstaafu

Kutazama filamu ya matembezi chumbani hakulingani na kukaa kwenye kiti cha nyuma kutoka Garsen. Wakaja kujaribu huku.

#21 Mhamali wa Mokowe

Salaam. Ninapakua mizigo ya abiria gatini, nami nimeona jambo ambalo hamjalitaja. Anayeondoka hubeba kidogo na husimama. Anayerudi hubeba sana na huketi juu ya mzigo wake akifungua vyakula. Wanaoondoka hubeba visheti, achari ya embe na pilipili za kusaga, na huvificha kana kwamba ni dhahabu, kwa sababu wanajua kule hawatavipata. Wanaorudi hugawa. Mtu anayegawa biskuti za uwanja wa ndege kwenye boti hawezi kuiona safari ndefu. Maji yakiwa yamekupwa na boti ikangoja, wao huendelea kusimulia, na anayepiga kelele kwamba tumechelewa ni yule anayeondoka siku hiyo.

#22 Mama Mabuibui

Na anayepokea zile biskuti ndiye humwuliza, "Na mimi umeniletea nini?" Hapo ndipo safari yangu hurefuka upya.

#23 Nesi wa Zamu

Niongeze jambo dogo la kiafya kabla hatujapotea. Hewa ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20, na shinikizo lake ni kama la mtu aliyeko mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani Nairobi au juu zaidi. Kwa mtu aliyetoka Lamu, ambaye mwili wake umezoea unyevu wa bahari, macho huwasha, midomo hukauka na kichwa huuma, naye husema safari imemchosha wakati ni kiu. Kunyweni maji, inukeni mtembee ili damu isigande miguuni, na chai nyingi ya rangi msiitegemee iwe ndiyo maji. Kama mtu hunywa maji vizuri wakati wa kurudi kwa kuwa ametulia, na wakati wa kwenda hujinyima kwa kuogopa kumwamsha jirani ili apite kwenda msalani, basi hiyo nayo ni sababu.

#24 Bint Mkomani

Nesi umenikumbusha dada yangu, ambaye hukaa bila kunywa kitu kutoka Nairobi hadi Doha kwa ajili ya hilo hilo. Nami narudi kwenye hoja yangu ya kwanza nikiwa nimeirekebisha kidogo: si lazima uijue njia, yatosha kuujua mwisho wake. Wale waendesha baiskeli wa Uholanzi walirudi kwa njia ngeni, lakini walijua wanakokwenda. Mleta mada anapokwenda haijui bei ya safari hii, hajui kama kiwanda kitamwuzia kile kile alichokionyesha kwenye picha, hajui kama simu yake itapata WhatsApp au itazuiwa kama ilivyo kawaida ya China. Anaporudi anajua kila kitu kinachomngoja, hata madeni. Waswahili walikwisha kusema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

#25 Kijana wa Shella

Methali hiyo inasema atarudi. Haisemi atarudi kwa muda gani.

#26 Hesabu Tupu

Tumekusanya matarajio, miadi, saa ya mwili, saa ya mkononi, pepo, biskuti, kiu na kujua mwisho, na kila moja inafanya kazi kwa msafiri mmoja na kushindwa kwa mwingine. Napendekeza tupime. Atakayesafiri afunike saa yake na aizime simu, na kila anaposhuka kwenye chombo, kiwe boti, basi, treni au ndege, aandike anakisia muda gani umepita kabla hajatazama. Afanye hivyo kwenda na kurudi. Nani ana safari karibuni?

#27 Mama Mabuibui

Mimi naondoka Manda kwa ndege ndogo wiki hii, kupitia Nairobi hadi Dubai. Nitaandika.

#28 Nahodha wa Zamani

Safari njema, mwanangu. Usisahau dua ya safari, na sala utaikusuru kwa raha. Hiyo ni sadaka ambayo msafiri amepewa, nayo hakuna kati yenu aliyeitaja katika raha za njiani.

#29 Mama Mabuibui

Nimerudi salama, alhamdulillahi. Daftari liko mbele yangu. Kwenda, kila mara nilikisia pungufu: boti ya kuvukia Manda, ndege ya Nairobi, na ile ya Dubai ambayo niliikisia kwa upungufu wa zaidi ya saa nzima. Kurudi, nilikisia zaidi ya muda halisi karibu kila mahali, na foleni ya forodha niliikisia mara mbili ya ilivyokuwa. Kwa hiyo kwangu kurudi ni kurefu, na nimekuthibitishia kwa maandishi yangu. Mwalimu, wapelekee Waholanzi.

#30 Mwalimu wa Malindi

Nimepokea, mama, na hongera kwa uangalifu. Naomba kuuliza tu: wakati wa kwenda ulilala?

#31 Mama Mabuibui

Nililala tangu magurudumu yalipoinuka mpaka walipogawa chakula. Nilikwisha kueleza kwamba hiyo ndiyo raha yangu.

#32 Kijana wa Shella

Basi kipimo kina kasoro. Aliyelala hakisii muda, anakisia usingizi. Na wakati wa kurudi uliketi wapi?

#33 Mama Mabuibui

Karibu na msala, katikati ya watoto mapacha waliokuwa wakilia kwa zamu.

#34 Hesabu Tupu

Tunahitaji msafiri mwingine, asiyelala na asiyekaa karibu na msala. Mtepe wa Langoni, mzigo wako unaofuata unauagiza lini?

#35 Mtepe wa Langoni

Kontena la kushirikiana lililobeba ule wa mwisho bado liko Kilindini na wakala hajapokea simu tangu juzi. Likitoka nitawajulisha. Daftari nimekwisha kununua.